Waridi mwitu: shida iko kwenye vinyweleo
Mlioko Ulaya, matunda mekundu ya waridi mwitu ndiyo haya yanaiva. Chuma yaliyo bado magumu, mbali na barabara. Yapasue katikati, kwangua mbegu kwa ncha ya kijiko, na hapa usiharakishe jamani: mbegu zimezungukwa na vinyweleo vinavyowasha koo na utumbo. Suuza, kausha kwenye oveni nyuzi 40, mlango wazi kidogo, mpaka yavunjike yakikunjwa. Yakibaki na unyevu yataota ukungu.

Kwa chai, weka kijiko kimoja cha chakula cha matunda makavu kwa kikombe cha maji moto, funika dakika 15. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, maana chujio la chai linapitisha vinyweleo. Usiyachemshe sana, moto unaharibu vitamini C. Mafua hayaponi kwa chai hii, ila koo hutulia.