Tulivyolala Diani kwa hesabu ya mwezi

Mke wangu ndiye aliyelianzisha. Tulikuwa kwenye feri ya Likoni, tumebanwa katikati ya mikokoteni ya vitunguu na pikipiki, akaniambia: "Wazungu wapanda ndege kutoka Ujerumani kuja kuiona bahari yetu. Mimi mzaliwa wa Kisauni naiona kwenye feri tu, tena kwa kuchungulia." Sikuwa na jibu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hoteli za ufuo wa Diani, kusini mwa Mombasa, kilomita kama 30 tu ukishavuka, tulizijua kwa mageti.

Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wangu na hoteli ya ufuoni yenye uwanja wake wa gofu ni vitu viwili visivyosalimiana. Lakini zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha kuchangiana ilikuwa inakuja Juni, nikasema mara hii pesa hizi haziendi kwenye mabati wala karo.

Nilianza vibaya. Niliingia kwa wakala mmoja wa safari mjini, akanipigia hesabu kwa dola. "Ndugu yangu, mbona dola? Mimi wa Changamwe." Akasema bei ni hiyo hiyo kwa watu wote. Si kweli. Hoteli nyingi za pwani zina bei ya wakazi, kwa shilingi, ila lazima uiulize na uwe na kitambulisho. Nilipiga simu hotelini moja kwa moja, na swali la kwanza la dada wa mapokezi lilikuwa: "Nyinyi ni wakazi?" Bei aliyonitajia ilikuwa karibu nusu ya ile ya wakala. Juni nayo ilisaidia, maana baada ya Pasaka hadi shule zifungwe wageni huwa wachache na hoteli hulegeza kamba.

Akanipa njia mbili: kila kitu ndani, au kulala pamoja na chakula cha asubuhi na cha usiku. "Kila kitu ndani" yapendeza masikioni, lakini sehemu kubwa ya hicho kila kitu ni pombe, na sisi hatunywi. Ningekuwa nawalipia wenzangu bia. Nikachukua ya pili. Nikauliza pia kama nyama ni ya halali, na kama mke wangu ataingia bwawani na nguo yake ya kuogelea ya stara bila kuulizwa na mtu. Maswali hayo ni ya kuulizwa kwenye simu. Usingoje mpaka umesimama ukingoni mwa bwawa na taulo begani.

Likabaki suala la tarehe, na hapa ndipo ninapojisifu kidogo. Babu yangu alikuwa mvuvi wa Mtwapa, na kazini kwangu jedwali la maji la bandari liko ukutani. Watu wengi huchagua siku kwa kutazama wikendi, wanafika Diani, wanaamka saa nne asubuhi wakidhani wataogelea, wanakuta bahari imekwenda zake hadi mwambani, wamebakiziwa mchanga, mwani na vidimbwi. Kisha wanalalamika. Bahari ya huku ina ratiba. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, lile bamvua lenyewe, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kama saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika 40, 50 hivi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, yanajaa asubuhi. Sisi tulitaka asubuhi za kutembea na alasiri za kuoga, kwa hiyo nikaomba mwezi 14, 15 na 16, yaani siku zikihesabiwa tangu mwezi kuandama. Dada wa mapokezi akauliza, "Tarehe kumi na nne Juni?" Nikamwambia hapana, mwezi kumi na nne. Tukafungua kalenda wote wawili.

Wengi wenye magari siku hizi hupitia barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Sisi tulivuka kwa feri, mwenda kwa miguu halipi kitu, tukapanda matatu ya Ukunda, na kutoka Ukunda tukachukua tuktuk. Kwenye geti la hoteli tuktuk ilisimama nyuma ya gari jeupe refu la watalii. Askari akatujia na kioo chake cha kuangalia chini ya gari, akaitazama tuktuk, akakosa pa kukiingiza. "Mwaleta mzigo wa nani?" "Wetu," akasema mke wangu. "Tumekuja kulala." Askari yule akacheka mwenyewe, akatufungulia. Dereva wa tuktuk alizunguka bustani nzima polepole, mara mbili, hana haraka ya kutushusha.

Chumba sitakieleza sana. Kitanda kikubwa, feni, kibaraza kinachotazama minazi. Kima walichukua pakiti zote za sukari dakika tano baada ya sisi kufungua mlango, kisha tukajifunza.

Gofu haikuwamo akilini mwangu. Nilikuwa nikiiona kwa mbali tu, pale juu ya jabali karibu na feri ambapo klabu ya gofu ya Mombasa ipo tangu 1911, na kila nikipita nilijiuliza mpira ukianguka baharini nani huufuata. Lakini bei yetu ilikuwa na ada ya uwanja ndani yake. Cha kuongeza ni kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, na kukodi fimbo zenyewe. Kilichokwisha kulipiwa hakiachwi, nikajiandikisha asubuhi ya pili, saa kumi na mbili na nusu. Sharti: fulana yenye kola, jinzi hapana. Fulana niliinunua Kongowea kwenye mitumba, ina nembo ya benki nisiyoijua.

Kedi wangu alikuwa mtu mzima, Mdigo wa Ukunda, mwenye mwendo wa mtu asiyeharakishwa na yeyote. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama mara ya pili. "Watoka wapi, mwanangu?" Nikamwambia. "Basi leo tutaongea," akasema, akautwika mfuko begani.

Hakunipeleka shimo la kwanza. Alinipeleka kwanza mahali pa mazoezi, akanipa fimbo anayoiita namba saba, akarudi nyuma hatua tatu. Nikapiga hewa. Nikapiga tena: kipande cha nyasi ukubwa wa chapati kikaruka mbele, mpira ukabaki pale pale ukinitazama. Mzee akakifuata kile kipande, akakirudisha kwenye kidonda chake, akakikanyaga kwa kisigino.

"Hilo umeshika jembe," akasema. "Shika kasia."

Sijui kama angemwambia hivyo Mjerumani, lakini mimi nilielewa mara moja. Jembe unalikaba kwa nguvu na kulitupa chini kwa mabega. Kasia unalishika kwa vidole, mikono miwili inafanya kazi moja, na mwili mzima unazunguka pamoja nalo. Akaniongeza jambo la pili: "Wataka kuuinua mpira. Usiuinue. Uso wa fimbo umelala, huoni? Fimbo ndiyo itauinua. Wewe piga chini." Hilo lilinichukua muda, kwa sababu macho yote yanakuambia kitu kikitakiwa kupaa lazima kisukumwe juu. Ile fimbo kubwa yenye kichwa kama kata alikataa katakata nisiiguse. "Hiyo ni ya kutafutia mipira msituni."

Uwanja wa mashimo 18 wa namna ile hupangwa kwa mapigo 72. Shimo la kwanza, ambalo mchezaji hulimaliza kwa 4, mimi nililimaliza kwa 11, na hapo mzee alihesabu kwa huruma. Ilipokaribia saa mbili upepo wa kusi ukaanza kuvuma. Kwenye televisheni nimeona watu wakirusha majani hewani kupima upepo. Huyu alitazama vilele vya minazi, akasogeza mguu wangu wa kushoto inchi mbili kwa ncha ya kiatu chake, basi. Mpira ukaingia kwenye mibuyu vilevile. Alinieleza pia adabu zake: usitembee kwenye mstari wa mpira wa mwenzako, fukia mchanga uliouchimba, wanaocheza upesi nyuma yako wapishe. Tulipisha watu mara nne.

Nilimwuliza mgeni wa kumfurahisha ni yupi. "Anayenyamaza nikimwambia fimbo." Akafikiri kidogo. "Na anayeuliza bei yangu kabla, si baada." Nilikuwa nimeuliza kabla, nikashukuru Mungu. Ada ya kedi ina kiwango chake na kinajulikana ofisini, cha juu yake ni wewe na roho yako.

Tulisimama shimo la sita. Hapo nilipiga mpira mmoja uliotoka sawasawa, mmoja tu asubuhi nzima. Mkononi huhisi chochote, na mlio wake ni mdogo, kama njugu inayovunjwa chumba cha pili. Nilibaki nimeinua fimbo kama mjinga. Mzee akasema, "Ndio huo," akaanza kutembea.

Nilirudi nikivuka barabara, juu ya kichwa changu zile ngazi za kamba walizotundikiwa mbega kutoka mti hadi mti ili wavuke bila kugongwa na magari. Maji yalikuwa yamepwa kabisa. Nikamwona mke wangu akitoka mwambani, viatu mkono mmoja, kikapu cha ukili mkono wa pili, na ndani ya kikapu pweza mzima. Kamnunua kwa mvuvi.

"Na nani atampika?"

"Hoteli haina jiko?"

Mpishi alicheka kwa heshima. "Shemeji, huyu akiingia jikoni mimi natoka." Chakula cha nje hakiruhusiwi, na nadhani ana haki. Tukampeleka pweza kwa tuktuk hadi kibanda kimoja Ukunda, mama wa pale akampigapiga kwenye jiwe, akamtia nazi na ndimu, tukala na wali saa nane mchana tukiwa na mchanga miguuni. Chakula cha hoteli kilikuwa kizuri, sisemi, lakini biriani yao ilikuwa na adabu mno.

Alasiri bahari ilikuja kama ilivyoandikwa. Vijana wa ufuoni walitufuata na bangili na vinyago, mmoja akamwamkia mke wangu kwa Kijerumani. Akamjibu, "Mwanangu, mamako hajambo?" Yule kijana akaficha bangili nyuma, akasema hajambo mama, akatuonyesha palipo na mchanga mtupu usio na mawe wala makombe ya kukata miguu.

Mke wangu aliingia hatua kwa hatua. Maji yalipomfika kiunoni akasimama, akalaza viganja juu ya maji bila kuvizamisha, akakaa hivyo. Wimbi likija linamwinua kidogo na kumrudisha. Nilidhani anaogopa, nikamfuata. Hakuwa anaogopa. "Ya moto," akasema. "Sikujua ni ya moto hivi." Tulitoka jua likizama mbele yetu, upande wa uwanja wa gofu.

Siku ya tatu mvua ilinyesha hadi saa tano na hatukufanya lolote la maana.

Hesabu ya kuondoka ililetwa kwenye karatasi moja. Chai mbili za ziada, chupa nne za maji, na mstari ambao sikuutarajia: mipira ya gofu, 7. Nikamtazama dada wa mapokezi.

"Kedi aliandika tisa," akasema. "Halafu akarudi jioni na miwili."

Mke wangu akafungua mkoba. Hiyo akasema atalipa yeye.