Nilivyoligeuza Prado la mjini kuwa gari la porini

Kazi yangu ni pampu za visima. Nakaa Arusha, lakini visima vyenyewe viko Simanjiro, Longido na kule bondeni Engaruka, ambako barabara mara nyingi ni alama za matairi ya aliyetangulia. Kwa miaka minne Prado langu la mwaka 1999, lenye injini ya dizeli ya 1KZ, lilifanya kila kitu: watoto shuleni, sokoni Jumamosi, kisha Jumatatu napakia pampu na mabomba nyuma, safari. Gari lenyewe ni foo wili, nikaona inatosha.

Mvua za kwanza za vuli zikanikuta karibu na Terrat. Anayeujua udongo mweusi wa Simanjiro anajua. Ukikauka ni mgumu kama saruji, umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukinyeshewa nusu saa unaganda kwenye tairi mpaka meno yote yanafunikwa, na tairi linabaki laini kama bonge la ugali. Nililala garini usiku mmoja, trekta likanitoa kesho yake mchana. Kilichoniuma ni kwamba watu niliokuwa nawaendea walikuwa na siku sita bila kisima, wakagawana na mifugo maji ya bwawa. Niliporudi nyumbani niliamua: gari hili litoke mjini moja kwa moja. Nikanunua pikipiki kwa mizunguko yangu, na watoto wakaanza kupanda basi la shule.

Nilianza vibaya. Niliweka keria kubwa juu, taa nne, na bompa la chuma lenye winchi. Bompa na winchi peke yake zilikaribia kilo 100, zote zimening'inia mbele ya matairi, na springi zilikuwa zilezile zilizotoka nalo Japani. Gari likalala pua. Safari ya kwanza, barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, jiwe ambalo zamani ningelipita tu liliikunja kinga ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, mpaka ikagusa sampo yenyewe.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi, amezeeka na magari ya watalii. Shikamoo, marahaba, akajiingiza uvunguni bila kuuliza swali. Alipotoka akajifuta mikono taratibu, akasema: "Mwanangu, umelivalisha koti, viatu hujalinunulia."

Kabla ya kuongeza chochote akataka tutibu yaliyokuwa mabovu. Aliinua mbele kwa jeki, akaweka mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua kidogo. Tukasikia tik, tik. Boljointi ya chini, kiungo kinacholiunganisha tairi na mkono wa chuma unaolishika. Kwenye Prado za aina hii uzito wa mbele unaivuta boljointi ya chini badala ya kuikandamiza, kwa hiyo ikiisha haivumilii: inachomoka na tairi linalala chini ya bodi. Tukabadilisha zote mbili, pamoja na bushi za mikono. Mwenye Prado kama langu, hata kama hatoki nje ya lami, naomba aanzie hapo.

Kisha rejeta. Silinda hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu na haipendi joto. Ikichemka inapasuka, na gari linakwama vibaya kuliko tope lolote. Kwenye mchanga unatembea polepole, gia nzito, injini inafanya kazi kubwa huku upepo wa kuipoza haupo. Nikaweka rejeta mpya, thamostati mpya na klachi mpya ya feni, tukaongeza na geji ya joto yenye namba, maana mshale wa dashibodi unatulia katikati muda mrefu na ukija kupanda umeshachelewa.

Hapo ndipo tukafika kwenye springi na shokapu. Vijana wa gereji ya jirani walinishauri niinue inchi 4. Mzee akagoma, nami namshukuru. Mbele ya Prado kila tairi lina mikono yake, na ekseli fupi zinatoka kwenye difu, sanduku la gia linalogawa nguvu kwa matairi, kwenda kila upande. Ukiinua sana, ekseli zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, na vumbi la majivu ya volkano la kule Natron likiingia kwenye jointi limeshaisaga. Tuliishia inchi 2. Springi za nyuma tulizichagua kwa kupima: nilipakia mzigo wangu wa kazi wote, nikalipitisha gari kwenye mizani, na kilo zile ndizo tulizoagizia. Naona wengi wananunua springi kwa kuangalia urefu wakati zinapaswa kununuliwa kwa uzito.

Matairi ndiyo yaliyokula fedha nyingi, na sijutii hata shilingi. Kutoka 265/70R16 ya barabarani nilikwenda 265/75R16 yenye meno ya wazi na mbavu nene. Kipenyo kimeongezeka kama milimita 26, maana yake gari limepanda milimita 13 tu, lakini hizo 13 ziko chini ya difu ya nyuma, mahali ambapo springi haiwezi kuinua chochote. Spidi ikisoma 100 sasa natembea kama 103. Na kuna jambo halina gharama kabisa: upepo. Kwenye lami natembea na upepo wa PSI 32. Nikifika kwenye mchanga nashusha hadi 18, tairi linajitandaza na kukanyaga kama unyayo wa ngamia. Naenda polepole, sikati kona kwa ghafla, na kabla ya kurudi lami najaza kwa kompresa ndogo inayotumia betri ya gari. Nikihesabu nilipokwama kabla ya hapo, sehemu kubwa ningetoka kwa kushusha upepo tu.

Lililonishangaza zaidi ni pumzi za difu. Siku moja kabla ya matengenezo nilivuka korongo lenye maji ya magotini. Wiki mbili baadaye mzee alifungua nati ya difu ya nyuma, na badala ya oili ikamwagika chai ya maziwa. Difu ikiwa ya moto halafu ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu, kupitia kijitundu cha pumzi au kwenye sili. Dawa yake ni mpira mwembamba wa mita chache unaopandisha kila pumzi hadi juu, ndani ya boneti kwa mbele na karibu na taa kwa nyuma. Ni kazi ya asubuhi moja. Snokeli, bomba linaloiwezesha injini kuvuta hewa kutoka juu, ni muhimu pia, kwa sababu injini ikimeza maji haiwezi kuyakandamiza na koni, vyuma vinavyosukuma pistoni, zinapinda, lakini nimeshaona magari yenye snokeli maridadi na difu zimejaa maji.

Kuhusu kuvutwa nina neno zito. Magari yetu ya Japani huja na ndoano ndogo chini, za kulifungia gari melini. Usifunge kamba ya kuvutia pale. Wala usifunge kwenye tufe la chuma la kukokotea trela: likikatika linaruka kama risasi na watu wamekufa hivyo. Mimi nimefunga ndoano nene kwenye chesisi yenyewe, mbili mbele na moja nyuma. Winchi nimeibakiza kwa kuwa nasafiri peke yangu, ila waya wa chuma nimeutoa, nikaweka kamba ya sintetiki, ambayo ni nyepesi na ikikatika haina hasira kama waya.

Vingine nilivitoa. Stepu za pembeni, viti vya nyuma kabisa, keria. Kinga ya sampo ni bamba jipya nene. Bima niliwajulisha mabadiliko yote kwa maandishi. Gari sasa linavuma kwenye lami, linakula dizeli zaidi, breki zinataka umbali mrefu, na kwenye kona lazima niwe na adabu.

Aprili niliitwa Ngare Sero, pampu imekufa. Korongo la mwisho kabla ya kijiji lilikuwa linateremsha maji ya kahawia. Nilishuka, nikalipima kwa miguu na fimbo, nikasubiri saa nzima yapungue. Nikafunga difu ya kati ili nguvu iende sawa mbele na nyuma, gia nzito, nikaingia taratibu bila kubadilisha gia mpaka ng'ambo. Pampu ikawaka jioni, akina mama wakapanga madumu.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nililala chini ya gari nikalegeza nati ya difu ya nyuma na kuingiza kidole. Kikatoka na oili safi, rangi ya asali.