Prado iliyochemsha kwenye mlima wa Sipi: kumbe ni klachi ya feni

Jumamosi iliyopita gari lilipanda kutoka Mbale hadi Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, likiwa na watu wanne na mifuko mitatu ya saruji, na joto la injini halikuvuka nyuzi 95. Kwa miezi mitano nimeisubiri safari hiyo, na nilipozima injini pale juu nilikaa kimya ndani ya gari kwa muda, nikitazama tu namba kwenye kipimajoto.

Gari ni Land Cruiser Prado ya mwaka 1997 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, lita 3.0. Anayeijua injini hii anaijua pia sifa yake mbaya: hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya alumini, na gari likichemsha mara chache tu hedi hiyo huweza kupasuka. Ndiyo maana gari lilipoanza kuchemsha mlimani, mafundi wawili walitoa hukumu hata kabla ya kufungua boneti. “Mzee, hedi imekwisha, tafuta nyingine,” aliniambia wa kwanza, na wa pili akarudia hayo hayo bila kupima chochote. Jambo hilo liliniudhi sana, kwa sababu maji hayakuwa yakipungua, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa laini kila asubuhi, na dawa ya kupimia gesi ya moshi ndani ya maji haikubadilika rangi katika majaribio matatu. Kwa kawaida hedi iliyopasuka haifichi dalili zote kwa pamoja.

Nilikwisha kubadilisha kifuniko cha rejeta, kurudisha thamostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji kufuata joto) ambayo gereji moja iliitoa na kuitupa, na kusafisha rejeta. Hakuna kilichosaidia.

Kilichonisumbua ni tabia yenyewe. Kwenye barabara tambarare ya Tirinyi, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, joto lilisimama kwenye nyuzi 84. Kwenye kona za Sipi, nikiwa gia ya pili na mwendo wa kilomita 30, lilipanda hadi 109, ilhali mshale wa dashibodi ulibaki katikati kana kwamba hakuna kitu; mshale huo umetengenezwa usisogee mpaka hali iwe mbaya kweli, na kwa maoni yangu hakuna mwenye injini hii anayepaswa kuuamini. Niliendelea kuilaumu rejeta kwa wiki nyingi, mpaka nilipojiuliza ni nini hasa kinachotofautiana kati ya barabara hizo mbili. Ni upepo. Kwenye tambarare gari lenyewe linajitafutia upepo. Mlimani, kwa mwendo mdogo na mzigo mkubwa, kazi yote inaiangukia feni.

Basi nikasimama kwenye kona moja joto likiwa 105, nikazima injini, na feni ikaendelea kujizungusha yenyewe mizunguko kadhaa. Klachi ya feni, yaani kiungo kinachoishikisha feni kwenye injini joto likipanda, kama ingekuwa nzima ingeishika feni kwa joto hilo na kuisimamisha mara moja. Nilipoangalia kwa tochi nikaona pete nyeusi ya vumbi lililogandamana na mafuta kuzunguka shimo la mhimili: mafuta ya silikoni yalikuwa yamevuja kidogo kidogo kwa miaka. Bila mafuta hayo, koili iliyo mbele ya klachi inaweza kuhisi joto na kufungua vali yake vizuri kabisa, lakini hakuna cha kuzishikamanisha sehemu mbili zinazozunguka.

Niliifungua klachi mezani, nikaisafisha, nikatia chupa mbili za mililita 18 za silikoni yenye mnato wa sentistoki 10,000. Inateremka polepole kama asali ya asubuhi ya baridi, na kila tone lilihitaji subira.

Neno moja kuhusu vipimajoto vya mwanga, vile vya infraredi vinavyopima bila kugusa: hudanganya vibaya kwenye alumini inayong’aa. Mpaka nilipobandika kipande cha utepe mweusi kwenye bomba la maji, changu kilikuwa kikisoma nyuzi 20 chini ya ukweli. Kihisi cha waya kilichofungwa kwenye mpira wa juu kimenifaa zaidi kuliko kifaa kingine chochote.

Sasa kila asubuhi feni inanguruma kama ya lori kwa dakika moja, kisha inatulia. Juzi kwenye kona za Sipi niliusubiri mngurumo huo kwa moyo uliokuwa ukidunda: joto lilifika 93, feni ikashika, sauti ikajaa ndani ya gari, na namba ikaanza kurudi, 92, 91, 90.

Nilipanga mwezi huu kuitoa rejeta ili ibadilishwe moyo wake, lakini nimeiacha. Nimeanza kutengeneza king’ora kitakacholia maji yakipungua kwenye tangi la juu, na tayari nina kihisi chake mezani.