Gridi imetulia: EL84, mita ya njano na safari ya Iringa

Jana usiku redio yangu ya vali (zile taa za kioo za kabla ya transista) imeimba dakika arobaini na tano mfululizo bila sauti kukwaruza hata mara moja. Kathodi (sehemu inayotoa elektroni) ya EL84, vali inayosukuma spika, imekaa volti 7.9 tangu ilipopata moto hadi nilipozima. Nilikuwa naandika kila baada ya dakika tano, na ukurasa mzima wa daftari ni 7.9, 7.9, 8.0, 7.9. Namba hizo nimezitafuta wiki tisa.

Kwa kukumbushana tu: ni chasi ya Ulaya, vali zake ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80 na jicho la kijani EM80 linaloonyesha stesheni imekamatwa. Ni ya marehemu babu, ilikaa darini Tukuyu miaka mingi, na unyevu wa Tukuyu mnaujua. Kapasita za karatasi zote nilishatoa, na zile kubwa za kuchuja umeme pia. Mwezi wa nne ikaanza kusema, nikadhani kazi imeisha.

Haikuisha. Ukiwasha, dakika kumi za kwanza sauti safi, nene, ile ya mbao. Dakika ya kumi na tano herufi "s" zinaanza kuchanika. Dakika ya ishirini mtangazaji anaongea kama ana kitambaa mdomoni, transfoma inachemka, na ukizima taa ya chumba unaona anodi ya EL84 (bamba linalopokea elektroni) ina wekundu hafifu pembeni. Kathodi inaanza volti 8 juu ya rezista ya omu 150, yaani miliampia 53, ndipo inapotakiwa. Dakika ya ishirini inasoma 11. Hiyo ni miliampia 73 kwa vali moja tu, na EZ80, vali inayonyoosha umeme, mwisho wake ni 90 kwa redio nzima. Umeme mkubwa, ule wa kulisha anodi, unashuka kutoka volti 250 hadi 225. Nilipiga hesabu ya anodi nikapata kama wati 13, wakati kikomo chake ni 12.

Kila mtu hapa angesema kapasita ya kuunganisha, ile ya 10 nF inayoleta sauti kutoka kwenye anodi ya EABC80 hadi gridi ya EL84 (waya wa ndani unaoongoza mkondo wa vali). Nami nilisema hivyo. Nikabadilisha, nikaweka mpya ya volti 630. Dakika ya ishirini, 11. Nikabadilisha na nyingine kutoka duka jingine. 11. Nikasema ni uchafu kwenye soketi, nikaosha kwa spiriti na mswaki, nikakausha juani siku nzima. 11. Nikatoa rezista ya gridi ya kilo-omu 470, nikaipima nje: 478, haina tatizo. Nikarudisha. 11. Hapo nililala na hasira ya kweli, na kwa siku nne sikuigusa.

Siku ya tano ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Nilikuwa na ile mita ya njano ya bei rahisi ambayo kila fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anayo. Redio imeshaanza kukwaruza, nikagusa gridi kwa ncha nyekundu nipime. Sauti ikasafika. Nikaondoa ncha, ikaanza kuchafuka tena taratibu. Nikagusa, ikasafika. Nilirudia mara sita nikiwa nimeinamia chasi, mkono mmoja mfukoni, nisiamini masikio yangu.

Mita za njano zina ukinzani wa ndani wa megaomu 1 tu. Ukiiweka kwenye gridi yenye kilo-omu 470, umeweka rezista ya pili sambamba, na mbili hizo kwa pamoja ni kama kilo-omu 320. Mita ilisoma volti 3.2, na wakati huohuo kathodi ikashuka kutoka 11 hadi 10. Niliazima mita nzuri ya megaomu 10 kwa jirani anayetengeneza vifaa vya sola: gridi ilikuwa chanya volti 4.7. Gawanya kwa kilo-omu 470, ni mikroampia 10. Mikroampia 10 tu! Ndizo zilizokuwa zinaninyima usingizi. Gridi ya EL84 inatakiwa ikae sifuri. Kitu fulani kilikuwa kinaisukuma juu, na mita yangu mbovu ilikuwa inanipunguzia tatizo kila nilipolipima.

Nawaomba wenzangu mlichukulie hili kwa uzito. Mita ya njano ni sawa kwa hita (waya unaopasha vali moto), kwa kathodi, kwa umeme mkubwa. Kwa gridi usiiamini, inakupa jibu la saketi nyingine ambayo umeiunda mwenyewe kwa kuigusa.

Basi, jaribio lililofuata lilikuwa la dakika mbili, na lingeniokoa wiki nzima kama ningelianza nalo. Nilikata mguu mmoja wa kapasita ya kuunganisha, ukabaki unaning'inia. Spika kimya. Nikasubiri dakika ishirini: gridi 4.7. Nikarudisha kapasita, nikachomoa EL84, nikawasha: gridi 0.00, hata umeme mkubwa ulipopanda hadi 280. Kapasita haina kosa. Soketi haina kosa. Ni vali yenyewe.

Nilikuwa sijaishuku kwa sababu ya kile kipara cha fedha juu ya kioo. Kikigeuka cheupe, hewa imeingia, vali imekufa. Changu kinang'aa kama kioo kipya, kwa hiyo ombwe lipo. Ila kuna ugonjwa mwingine. Miaka ikienda, bariamu ya kathodi inapaa kidogokidogo na kuganda kwenye waya za gridi, na gridi ikipata moto inaanza kutoa elektroni yenyewe kama kathodi ya pili. Ndiyo maana iko salama ikiwa baridi na inaugua baada ya robo saa. Inapanda, inachota mkondo zaidi, inapata moto zaidi, inapanda zaidi. Hakuna dawa. Unatafuta nyingine.

Na kutafuta nyingine Mbeya ndiyo hadithi yenyewe. Nilianza Kabwe, nikapita SIDO, nikazunguka Mwanjelwa duka kwa duka. Bodi za amplifaya, bodi za bluetooth, spika za sabufa, betri za litiamu, yote tele. Ukisema "vali ya redio" kijana wa dukani anakuonyesha koki ya gesi. Nikaanza kutembea na ile mbovu mfukoni, nimeifunga kwenye soksi, naitoa naonyesha. "Bro, hii ni balbu ya nini?" Duka moja tu, la kaka anayerekodi nyimbo kwenye simu, alienda nyuma akarudi na kopo. "Hizi alituachia mzee wetu. Kama inafanana chukua." Zilikuwa mbili, pini tisa, umbo lilelile. Moyo ukadunda. Nikaifuta kioo kwa kidole, taratibu kwa sababu maandishi yanatoka, nikageuza kwenye mwanga: UL84. Herufi moja. E ni hita ya volti 6.3, U ni miliampia 100 kwa mfululizo, na hii inataka volti 45. Kwenye redio yangu ingekaa baridi kama jiwe la mtoni. Nilimshukuru nikazinunua hivyohivyo, kuna mtu atazihitaji.

Nimejifunza jambo kuhusu makopo ya huku. Ulaya vali zilizobaki kwa wingi ni za televisheni, zile ambazo majina yake yanaanza na P, kama PCL na PL. Sijaona hata moja Nyanda za Juu Kusini, na sababu iko wazi: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na wakati huo vali zilishapita zamani. Kilichobaki huku ni herufi D, vali za betri, za volti 1.4. Redio ilipanda milima hii kabla ya nguzo za umeme.

Niliambiwa Iringa kuna mzee. Nikapanda basi alfajiri, Uyole, Makambako, Mafinga. Hapo misonobari inaanza kupita dirishani, na nikawaza kwamba rozini ninayopaka kwenye risasi ya kuunganishia waya kila siku ni utomvu wa mti kama huo, uliochemshwa ukabaki mgumu. (Rozini safi inashinda grisi zote za kopo. Grisi ya mabati ina asidi, inakula waya. Msiitumie kwenye redio.)

Mzee nilimkuta kwenye chumba kidogo jirani na soko. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kamwene." Nikafungua soksi. Hakuuliza ni balbu ya nini. Aliishika kwa pini, akaiinua kwenye dirisha, akasema, "Hii taa ya sauti. Inakula moto hii." Amplifaya ya zamani ya kanisa ilikuwa chini ya meza, transfoma imeungua, na ndani mlikuwa na EL84 mbili, zilizofanya kazi kwa zamu, moja ikisukuma nyingine ikivuta. Tulikubaliana 30,000 kwa jozi. Aliniambia nizifunge mbalimbali zisigongane, akanipa gazeti.

Nyumbani nilianza kwa balbu ya wati 100 mfululizo na umeme wa redio, izuie mkondo kama kuna shoti, kama kawaida yangu. Hili nalo niliseme: balbu za waya madukani zimeisha, zote LED, na LED haizuii kitu. Nimezipata duka la pembejeo, wanawauzia wafugaji kwa ajili ya kulea vifaranga. Chukueni mbili tatu kabla hazijaisha.

Ya kwanza kati ya zile mbili ilipanda kidogo, hadi 8.6. Ya pili ndiyo hiyo ya 7.9. Nikahamia bendi ya mita 25 ya masafa mafupi, nikapata Zanzibar kwenye kilohezi 11735, sauti inakwenda na kurudi kama wimbi lakini kila neno linasikika. Mama alikuja akasimama mlangoni na kanga yake mabegani, hakusema kitu, akakaa.

Mpango ulikuwa wiki hii nisawazishe koili za IF (hatua ya kati ya kukuza mawimbi), nibadilishe kamba ya mshale na kupaka vanishi boksi. Sitafanya. Mzee alinipa pia kopo la biskuti, bure: DK96, DF96, DAF96, DL96, seti kamili ya redio ya betri, pini saba kila moja. Nimepima filamenti (nyaya za moto) zote, ziko nzima. Tatu za kwanza zinakula miliampia 25 kila moja, DL96 inakula 50, jumla 125 kwa volti 1.4. Betri moja kubwa ya tochi inatosha. Volti 90 za anodi ni betri kumi za volti 9 zilizopangwa mfululizo.

Na kasha la kuijengea redio hiyo ninalo. Mwaka 1949, ng'ambo ya Tunduma, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) waliletewa redio ya vali nne iliyotengenezwa na Ever Ready ndani ya sufuria ya alumini, bei pauni 5, betri yake inakaa kama saa 300, ili watu wa vijijini wasikie Lusaka. Jana nimepita Soko Matola na rula. Sufuria ya sentimita 23, bila mikono, 9,000. Leo asubuhi nimetoboa tundu la spika, na alumini imekubali vizuri kuliko nilivyotegemea. Soketi nne za pini saba bado. Mwenye nazo Njombe, Songea au popote, aniambie bei, nitazifuata mwenyewe.