Neno moja katika daftari la shangazi

Shangazi yangu alirudi kutoka zahanati, akafungua daftari lake la matibabu mezani na kuweka kidole chini ya neno moja la wino wa bluu: dyspepsia. "Mwanangu, wewe uliyesoma, hapa wameandika nini?" Nikajibu kwa haraka kwamba ni kiungulia. Akatikisa kichwa. "Kiungulia nakijua, kinachoma kifuani. Mimi nikila matonge mawili tu ya ugali, tumbo linajaa kana kwamba nimemaliza sinia zima."

Alikuwa sahihi kuliko mimi, na jambo hilo lilinisumbua hadi nikalichunguza neno lenyewe. Asili yake ni Kigiriki: dys ni ubaya au ugumu, na pepsis ni usagaji wa chakula tumboni, ingawa kitenzi kilichozaa pepsis kilimaanisha pia kupika, kana kwamba tumbo ni chungu na chakula kisichosagika kimebaki kibichi. Soda ya Pepsi, iliyopewa jina hilo mwaka 1898 na mfamasia Caleb Bradham wa North Carolina, imechota katika kisima hichohicho.

Madaktari hawalitumii kwa ugonjwa mmoja, bali kwa kundi la dalili: maumivu au moto kwenye chembe cha moyo, kushiba upesi, na tumbo kujaa kupita kiasi baada ya mlo. Chanzo chaweza kuwa vidonda vya tumbo, bakteria aitwaye Helicobacter pylori au baadhi ya dawa za maumivu, na mara nyingi hata kipimo cha kamera hakionyeshi kasoro yoyote.

Waingereza humwita dyspeptic hata mtu mwenye kisirani, kwa kuwa waliona tumbo bovu likizaa hasira. Kiswahili kimepita njia nyingine: aliyevimbiwa amekula kupita kiasi, na kwa mafumbo ni yule ambaye neema imemtia kiburi. Ndiyo maana sikuthubutu kumwambia shangazi kwamba amevimbiwa, kwani kwa mtu anayeshindwa kumaliza tonge la tatu hilo lingekuwa tusi.

Nilimrudia jioni na kumweleza: "Shangazi, wameandika kwamba tumbo lako linapata shida kusaga chakula, lakini neno hili halisemi kwa nini." Akalifunga daftari, akalirudisha kwenye mkoba. "Basi kesho nitarudi nikawaulize hiyo kwa nini."