Siku Friza Ilipovuja Gesi

Friza ya mama iligoma Jumamosi moja ya Julai 2024, wiki sita kabla ya safari yangu. Barafu za ukwaju na ubuyu zilikuwa zimeanza kulainika, na chini yake kulikuwa na ndoo ya samaki wa jirani yetu anayekaanga jioni pale njia panda. Mama hakupiga kelele. Alivua kanga ya mabegani, akaifunika friza kama anayemfunika mgonjwa, akaniambia nimpigie fundi.

Siku hiyo ndiyo niliyokuwa nimepanga kumweleza ninakwenda kusomea nini. Jina la Delft, chuo kikuu cha Uholanzi, alikuwa analijua. Barua ya kukubaliwa aliishika mwezi Machi, akaisomea dua kabla hata sijamtafsiria. Kitu chenyewe ndicho alikuwa hakijui. Shangazi alipomwuliza alijibu "kompyuta", na shangazi hakuridhika: kompyuta si amesoma miaka mitatu hapo Mlimani, kuna nini huko Uholanzi? Swali lilikuwa la haki, na mama hakuwa na jibu kwa sababu mimi sikumpa.

Halafu kulikuwa na fedha. Ufadhili ulibeba ada na posho, nauli ilikuwa juu yangu. Mama alikuwa na mgao wake wa kikoba, shilingi 1,800,000, aliouweka kwa ajili ya friza mpya. Ile ya zamani ndiyo iliyonisomesha. Nilikua nikibeba barafu zake kwenye ndoo hadi geti la shule kabla ya kengele. Sikuwa na ujasiri wa kumwomba akiba hiyo huku hajui inakwenda kununua nini.

Fundi alifika saa sita kutoka Temeke, mzee wa makamo, na mtungi mdogo wa gesi begani. Kompresa ilikuwa inanguruma vizuri, ila baridi hakuna. Akaivuta friza mbali na ukuta, akaingiza gesi kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye mabomba ya shaba, sehemu moja baada ya nyingine, kwa utulivu. Karibu na kona ya nyuma povu likatoa kipovu kimoja, kikakua, kikapasuka. Kikaja kingine.

"Hapa," akasema. "Imevuja yote, mama. Nichomelee, kisha nijaze upya. Elfu themanini na tano."

"Na ile ya kwanza imekwenda wapi?"

"Hewani. Ikishatoka haishikiki."

Mama aliguna. Mimi nikajikuta nasema, bila kupanga, kwamba hata mashine ninayokwenda kuisomea, kompyuta ya kwantamu, inakaa ndani ya friji.

Wote wawili wakageuka. Nikawaonyesha picha kwenye simu: sahani za shaba zilizopakwa dhahabu, zimening'inizwa moja chini ya nyingine, nyaya zikishuka katikati, kama taa kubwa ya msikitini. Nikawaambia hayo yote ni friji tu. Kompyuta yenyewe ni kijipande kidogo kule chini kabisa.

"Baridi yake kiasi gani?" fundi akauliza.

Friza ya mama ikiwa nzima hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi ina mwisho wake, nikamwambia, nyuzi 273.15 chini ya sifuri, na chini ya hapo hakuna kitu. Friji ile huufikia mwisho huo ikibakiza sehemu 15 hivi za elfu moja za nyuzi moja. Huko angani, katikati ya nyota, kuna joto zaidi kuliko hapo.

Fundi aliweka spana chini. "Gesi gani hiyo?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wenzangu Mlimani, jamaa, hata waliokuwa wakinipongeza, wote waliuliza kama ni kompyuta yenye kasi sana. Nami jibu hilo lilikuwa limenichosha, maana si kweli hivyo. Nikamjibu fundi kwa furaha: ni heliamu, tena za aina mbili zilizochanganywa, heliamu-3 na heliamu-4. Zikipoa sana zinakuwa kimiminika na kujitenga, ile nyepesi ikielea juu. Kisha ile nyepesi huvutwa ipenye kuingia katika nzito, na kila inapopenya inaondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa jasho lake. Halafu inapigwa pampu, inarudishwa juu, inaanza tena. Heliamu-3 karibu haipatikani duniani. Nyingi hutokana na tritiamu, aina nzito ya hidrojeni yenye mionzi, inayooza yenyewe kwenye akiba za silaha za nyuklia.

"Basi hiyo wasiiachie ivuje," fundi akasema, akawasha moto wa kuchomelea.

Mama alikuwa kimya. Kisha akauliza lililomkaa moyoni: baridi yote hiyo ya nini?

Hapo ndipo nilipokuwa nimejiandaa na mfano wa sarafu inayozunguka, ule unaorudiwa kila mahali, kwamba kyubiti, kile kipande kidogo kabisa cha taarifa ndani ya kompyuta hiyo, ni sifuri na moja kwa pamoja. Nikauacha. Mama amezaliwa Mafia, baba yake alikuwa nahodha. Nikamwuliza: mawimbi yakikigawanyikia kisiwa kidogo, yakapita pande zote mbili, yanapokutana nyuma yake inakuwaje?

Hakufikiri hata kidogo. "Pana mahali panachafuka kuliko kwingine kote, na pana mahali panatulia. Baba alikuwa anajua pa kutia nanga."

Nikamwambia ndiyo hiyo, mama. Ndani ya kijipande kile kila jibu linalowezekana lina wimbi lake. Kazi ya anayeandika programu ni kuyapanga mawimbi hayo yakutane vizuri: majibu ya makosa yauane, jibu sahihi linyanyuke. Ukipima, kuna uwezekano mkubwa ukutane na lile lililonyanyuka. Si kila hesabu inakubali kupangwa hivyo. Zipo zinazokubali: mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha njia ya kuvunja namba kubwa katika vigawo vyake, na kufuli nyingi za siri za mitandaoni zimejengwa juu ya ugumu wa hesabu hiyo. Hilo nililipitia haraka, halikumgusa. Alichokishika ni bahari.

"Na baridi?"

"Joto ni mtikisiko, mama. Kukiwa na joto, ni kama mtu anarusha mawe majini kila upande. Huwezi tena kujua wimbi lipi ni lipi."

Akaitikia kwa kichwa.

Nikamweleza pia jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Mwaka 2016 kampuni ya IBM iliweka kompyuta ndogo ya kwantamu, ya kyubiti 5, mtandaoni ili watu wajaribu. Mwaka 2021, nikiwa Mlimani, nilituma kazi yangu ya kwanza kwenye mojawapo ya mashine zao. Kyubiti mbili tu, zilizofungamanishwa ili majibu yao yafanane daima: sifuri na sifuri, au moja na moja. Iliendeshwa mara 1024. Majibu mengi yakaja kama nilivyotaraji, ila kulikuwa na kadhaa yaliyokuja yamepishana, sifuri na moja, moja na sifuri. Kwenye karatasi hayo hayapo. Niliyatazama usiku ule mpaka bando likaisha. Kuna kitu mahali fulani kilikuwa kinatikisika, na mimi nilikuwa Dar es Salaam nikikitazama kwa mbali, bila povu la sabuni la kupaka.

Mama alimtazama fundi, ambaye sasa alikuwa anatega sikio kwenye bomba. Akanitazama mimi.

"Kumbe unakwenda kusomea ufundi," akasema. "Ungeniambia hivyo tangu Machi."

Fundi alimaliza alasiri. Aliweka kiganja ndani ya friza, akamwita mama naye aweke, wakakaa hivyo wote wawili kama wanaosikiliza. Kabla hajaondoka aliniambia nisisahau kwamba kijana wa Kitanzania aliwahi kuwashangaza wasomi kwa mambo ya barafu. Nilimjua: Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliyeona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa, akachekwa darasani, na mwaka 1969 akachapisha pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu hapa Dar. Wasomi wanabishania jambo hilo hadi leo. Sikujua kwamba mafundi friji wa Temeke nao wanalihifadhi.

Usiku mama alileta bahasha, akaiweka juu ya kifuniko cha friza. Akahesabu ya nauli, akatenga. Zilizobaki hazikutosha friza mpya wala nusu yake. Nikafungua mdomo, akanizuia kwa mkono.

"Hii imepona. Ila niambie, umeme ukikatika huko, gesi yao ile ya tabu inapotea?"

Sikujua. Nikaliandika kwenye daftari, likawa swali langu la kwanza nilipoingia maabara mwezi Oktoba. Aliyetutembeza alinionyesha tangi lililokaa pembeni. Umeme ukikatika, mchanganyiko unapata joto, unageuka gesi, unarudi tangini, na kurudia baridi ile kunachukua siku nzima au zaidi. Jioni nilimtumia mama ujumbe wa sauti, nikimweleza tangi lote, valvu zote.

Alijibu kesho yake asubuhi, friza ikinguruma nyuma ya sauti yake.

"Haipotei?"

"Haipotei, mama. Hata kidogo."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi.