Maghala yasiyoshika moto

Maghala ya gati la Albert Dock mjini Liverpool, yaliyosanifiwa na Jesse Hartley na kuzinduliwa mwaka 1846 na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, yalijengwa kwa chuma, matofali na mawe, pasipo mbao katika sakafu wala paa, kwa sababu moto ulikuwa adui mkubwa wa wafanyabiashara wa pamba. Nguzo nene za chuma cha kusubu hubeba ukuta wa mbele ukingoni mwa maji, na hizo ndizo nizipendazo kuliko yote. Gati hilo lilifungwa mwaka 1972. Mwaka 1988 jumba la sanaa la Tate likafunguliwa humo.

Sisi wa Lubumbashi, mji uliofikiwa na reli mwaka 1910, tunayo majengo ya matofali yanayostahili kufikiriwa hivyo, yaani kupewa matumizi mapya. Sakafu iliyokusudiwa kubeba shehena haitishwi na uzito wa watu. Tatizo gumu ni giza la katikati ya jengo. Kwa maoni yangu, msanifu asikimbilie kutoboa kuta, bali aanze na paa, kwani mwanga wa juu hauharibu sura ya jengo, na mvua zetu za Januari, kwa vyovyote, zitamlazimisha alishughulikie.